Kioo cha Python hakionyeshi kuta

Chukua taarifa ya sensa ya mwaka 2002. Utakuta mkoa wa Rukwa una zaidi ya watu milioni 1.1. Halafu fungua ya mwaka 2012: Rukwa ina watu 1,004,539. Miaka kumi imepita na watu wamepungua! Kulikuwa na nini? Njaa? Watu walihama? Hakuna lolote kati ya hayo. Mwaka huohuo wa 2012, miezi michache kabla ya sensa, Mpanda ilimegwa kutoka Rukwa ukazaliwa mkoa wa Katavi, nao ukahesabiwa peke yake: watu 564,604. Jumlisha mikoa hiyo miwili unapata 1,569,143. Watu waliongezeka kama kawaida. Kilichobadilika ni kile ambacho jina "Rukwa" lilikuwa linakishika.

Kwa sisi wa Izia na mitaa mingine ya Sumbawanga, hilo halihitaji mwalimu. Mzee akisema "enzi zile Rukwa yetu ilikuwa inafika mpaka Mpanda", tunamwelewa, kwa sababu tunajua anasema kutoka wakati gani. Lakini jedwali la kompyuta lenye safu mbili tu, moja ya mkoa na nyingine ya idadi, halijui kitu. Limetunza jina, limetunza thamani, limetupa mazingira ambamo jina lile lilikuwa na maana. Mwanafunzi akilichukua hivyohivyo na kuchora grafu, atachora mkoa unaokufa.

Uhakiki wetu wa leo unahusu kosa la namna hiyohiyo, ila limekaa mahali ambapo hulitarajii: ndani ya lugha za programu zenyewe. Nimechagua Python, kwa sababu ndiyo lugha ambayo wengi wenu mnaanza nayo, na kwa sababu mwaka 2024 ilifanyiwa matengenezo makubwa katika sehemu hii hasa. Dai langu ni hili: ukiiuliza Python "hapa nilipo, majina gani yanajulikana na yanatoka wapi?", inakujibu nusu ya kwanza ya swali, na ile ya pili inaimeza. Matengenezo ya 2024 yalikuwa mazuri, tena ya lazima, lakini yaliponya ugonjwa mmoja yakaacha mwingine.

Twende taratibu.

Jina na mahali pake

Tuseme mtu wa Izia anaandika barua: "Mzigo nimeuacha sokoni." Barua inasafiri mpaka Mbeya. Anayeisoma yuko jirani na Mwanjelwa. Je, aende kuutafuta mzigo Mwanjelwa? Hapana bwana. "Sokoni" ni soko la Sumbawanga, kwa sababu huko ndiko barua ilikoandikwa. Msomaji akiwa Mbeya, akiwa Kariakoo, akiwa popote, maana ya neno haihami naye.

Lugha za programu zilibishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Njia ya kwanza inasema: jina litafutwe kwa yule anayeiita fanksheni, yaani kwa msomaji wa barua. Lisp ya mwanzo, ya John McCarthy, ilifanya hivyo. Njia ya pili inasema: jina litafutwe pale fanksheni ilipoandikwa, kwa mwandishi wa barua. ALGOL 60 ilikwenda njia hiyo, na mwaka 1975 Gerald Jay Sussman na Guy Steele pale MIT wakaileta katika ukoo wa Lisp kupitia lugha yao ya Scheme. Njia hii ya pili ndiyo iliyoshinda. Tuiite upeo wa kimaandishi: ukisoma maandishi ya programu kwa macho tu, bila kuiendesha, unaweza kusema kila jina ni la nani.

Python ilichelewa kidogo hapo. Tangu ilipotoka mwaka 1991 ilikuwa na ngazi tatu tu: majina ya ndani ya fanksheni, majina ya moduli nzima, na majina yaliyojengwa ndani ya lugha. Fanksheni iliyoandikwa ndani ya fanksheni nyingine ilikuwa haioni majina ya mama yake. Mwaka 2001, kupitia pendekezo la PEP 227 la Jeremy Hylton, ukuta huo ukatobolewa: kwa hiari katika toleo la 2.1, kisha kwa wote katika 2.2. Neno `nonlocal`, linaloruhusu mtoto kubadilisha jina la mama, lilikuja na Python 3.0 mwaka 2008.

Kumbuka mfuatano huo. Vyumba ndani ya vyumba vilikuja baadaye, nyumba ikiwa imeshajengwa na watu wanaishi. Kioo kilichotundikwa ukutani kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ya zamani.

Kioo kinapimwaje?

Uakisi ni uwezo wa programu kujitazama yenyewe. Programu inauliza: mimi nina fanksheni gani? Kitu hiki ni cha aina gani? Majina yaliyo hapa yana thamani gani? Unaweza kudhani haya ni mambo ya wataalamu tu. Sivyo. Kila ukitumia dibaga kusimamisha programu na kuchungulia ndani, unatumia uakisi. Chombo cha majaribio kikikuonyesha thamani zilizosababisha jaribio kuanguka, ni uakisi. Madaftari ya kompyuta ambayo wanafunzi wa takwimu wanayapenda yanategemea uakisi kukuorodheshea majina uliyonayo.

Kioo kizuri kikoje? Mwaka 2004 Gilad Bracha na David Ungar waliwasilisha makala katika mkutano wa OOPSLA uliofanyika Vancouver, Kanada, wakiviita vyombo vya uakisi "vioo" na kuweka masharti matatu. Nayaeleza kwa maneno yangu. Kwanza, kioo kifiche mitambo yake: mtumiaji asilazimike kujua kompaila imepanga vipi kumbukumbu. Pili, kioo kiwe kitu cha pembeni, kinachoweza kuondolewa bila kuivunja nyumba. Tatu, kilicho ndani ya kioo kifanane na kilicho ndani ya lugha: lugha ikiwa na kuta, kioo kionyeshe kuta.

Shika hilo sharti la tatu. Ndilo tutakalopimia.

Jaribio dogo la mahindi

Hapa uwanda wa Ufipa mahindi ndiyo maisha, basi mfano wetu uwe wa mahindi. Gunia letu ni la debe sita, la halali, siyo lumbesa. Ushuru ni namba za kubuni tu, usije ukazitumia getini.

```
ushuru = 500

def soko():
    kwa_gunia = 6
    ushuru = 1000
    def madebe(magunia):
        return magunia * kwa_gunia
    return madebe

hesabu = soko()
hesabu(10)
```

Jibu ni 60. Safi. Ona kwamba kuna `ushuru` mbili: ya nje, 500, na ya ndani ya `soko`, 1000. Fanksheni `madebe` haitumii hata moja kwa sasa.

Sasa simamisha programu ndani ya `madebe` ukitumia dibaga ya Python, pdb, halafu uliza: `p ushuru`. Inakujibu 500.

Haya. Umeridhika, ushuru ni 500. Unafungua faili, unaongeza mstari ndani ya `madebe`: `print(magunia * ushuru)`. Unategemea kuona 5,000. Unaendesha. Inatoka 10,000.

Hapo sasa! Jina lilelile, mahali palepale, majibu mawili. Nani kasema uongo? Programu haijasema uongo. Kwa kanuni ya upeo wa kimaandishi, `ushuru` ndani ya `madebe` ni ile ya `soko`, yaani 1000. Aliyekudanganya ni kioo. Tena kibaya zaidi, kimekudanganya bila kukohoa: hakuna onyo, hakuna kosa lililotajwa. Ungefuta ile `ushuru` ya nje, dibaga ingekuambia jina hilo halijulikani kabisa, nayo pia si kweli, maana ukiliandika pale linafanya kazi.

Kwa nini inatokea? Kompaila ya Python ikiona `madebe` haitaji `ushuru`, haimbebeshi. Fanksheni inaondoka `soko` na mzigo inaouhitaji tu: `kwa_gunia`. Hilo ni jambo la busara, linaokoa kumbukumbu. Tatizo ni kwamba dibaga inapotafuta jina, inapewa vitu viwili tu: kamusi ya majina ya ndani na kamusi ya majina ya moduli. Ukuta wa `soko`, ambao uko katikati, haumo kwenye kioo. Kwa hiyo utafutaji unauruka na kuangukia nje.

Tazama pia kinachorudi ukiita `locals()` ndani ya `madebe`: kamusi yenye `magunia` na `kwa_gunia`, bega kwa bega. Lakini `magunia` ni mali ya `madebe` mwenyewe, na `kwa_gunia` ni ya kuazima kutoka kwa mama. Ukiipewa kamusi ile peke yake huwezi kujua lipi la nani. Ni lile jedwali la sensa: jina lipo, thamani ipo, mazingira hayapo.

Matengenezo ya 2024 yalifanya nini

Nisiwe mkosoaji asiyeshukuru. Kabla ya Python 3.13, `locals()` ilikuwa na maradhi mabaya zaidi. Ndani ya fanksheni ilikurudishia kamusi ileile kila ulipoiita, na kila wito uliipakia upya. Yaani unachukua kamusi, unaiweka pembeni kama kumbukumbu ya zamani, halafu mtu mwingine, pengine dibaga, anaita tena, na kumbukumbu yako inabadilika mikononi mwako. Ukijaribu kuandika ndani yake ili kubadilisha jina halisi, wakati mwingine inaonekana imekubali, kisha badiliko linapotea. Nyaraka zenyewe za Python zilikuwa zinakuonya usiibadilishe.

Tangu 2017 kulikuwa na pendekezo, PEP 558 la Alyssa Coghlan, la kunyoosha jambo hili. Baadaye Mark Shannon na Tian Gao wakaleta lingine, PEP 667, na hilo ndilo lililoingia katika Python 3.13 iliyotoka Oktoba 2024. Sasa mambo ni mawili yaliyo wazi. Ukiita `locals()` ndani ya fanksheni unapata nakala mpya kila mara, ni yako, haibadiliki nyuma ya mgongo wako. Ukitaka kitu kilicho hai, unachukua `f_locals` ya fremu: hiyo ni wakala anayeonyesha thamani za sasa, na ukiandika kupitia kwake, badiliko linafika kweli kwenye jina.

Hii ni kazi nzuri. Watengenezaji wa dibaga walikuwa wanaihitaji kwa miaka. Lakini angalia imejibu swali gani. Imejibu swali la muda: thamani hii ni ya sasa au ya zamani? Haikugusa swali la mahali: jina hili ni la chumba kipi? Wakala yule mpya bado ni kamusi bapa. Jaribu mfano wetu wa mahindi katika 3.13: `p ushuru` bado inajibu 500.

Kwa lugha ya sensa, ni kama ofisi imehakikisha namba zote ni sahihi na za tarehe moja, jambo jema sana, lakini bado haijaandika "Rukwa" ni ipi.

Droo tatu zisizofunguana

Mtetezi wa Python ataniambia: "Ndugu, taarifa hizo zipo, hujatafuta vizuri." Nimezitafuta, na kweli zipo. Ndiyo maana nalalamika.

Droo ya kwanza ni moduli `symtable`. Unaipa maandishi ya programu, inakujengea mti wa vyumba vyote, chumba ndani ya chumba, na kila jina linaeleza kama ni la ndani, la moduli, au la kuazima. Mti mzuri kabisa. Ila unatoka kwenye maandishi, hauna habari na programu inayoendeshwa. Una kuta, hauna thamani.

Droo ya pili ni `hesabu.__closure__`. Humo mna visanduku vyenye thamani zilizoazimwa, lakini visanduku havina majina! Majina yako kwingine, katika `hesabu.__code__.co_freevars`, na wewe unatakiwa kuyaoanisha kwa mpangilio: sanduku la kwanza na jina la kwanza, la pili na la pili. Hapo sharti la kwanza la Bracha na Ungar limevunjwa waziwazi, maana unalazimika kujua mitambo ya ndani imepangwaje.

Droo ya tatu ni `f_locals` tuliyoiona: majina na thamani, bila kuta.

Tangu 3.3 kuna fanksheni ya msaada, `inspect.getclosurevars`, inayokupangia majina katika mafungu: ya kuazima, ya moduli, ya lugha, na yasiyopatikana. Inastahili pongezi, ndiyo iliyo karibu zaidi na ninachokitaka. Ila inaorodhesha majina ambayo fanksheni imeyataja tu, na yale ya kuazima inayaweka fungu moja hata kama yanatoka vyumba viwili tofauti. Ukiuliza kuhusu `ushuru` yetu, haimo.

Na kinachonichekesha kuliko vyote: iulize `hesabu.__qualname__`. Inakujibu `soko.<locals>.madebe`. Kumbe Python inajua kabisa kwamba `madebe` alizaliwa ndani ya `soko`! Imekiandika, lakini kama maneno ya kusoma tu. Huwezi kuyafuata maneno hayo mpaka kwenye chumba chenyewe. Ni bahasha yenye anwani isiyo na barabara.

Majirani wanafanyaje?

Tuanze na R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi. Hawa waliuchukua upeo wa kimaandishi kutoka Scheme kwa makusudi, na wakayafanya mazingira kuwa kitu unachoweza kukishika mkononi. Fanksheni yoyote unaiuliza `environment(hesabu)`, inakupa chumba ilimozaliwa. Chumba hicho unakiuliza `parent.env`, kinakupa chumba kinachokizunguka, na unaendelea hivyo mpaka nje kabisa. Mfano wetu wa mahindi ukiandikwa kwa R, ukiuliza `ushuru` kutoka mazingira ya `madebe` unapata 1000, jibu lilelile ambalo programu yenyewe ingelipata. Kioo na nyumba vinakubaliana.

R inakwenda mbali zaidi: hata fomula ya takwimu, ile unayoandika kusema "mavuno yanategemea mbolea na mvua", inabeba mazingira ilimoandikwa. Jina "mvua" ndani ya fomula halipotei njia hata fomula ikipelekwa kwenye fanksheni nyingine. Barua inasafiri na anwani ya ilikoandikwa.

Lakini R nayo ina gharama na makengeza yake. Gharama: kwa kuwa chumba kizima kinabebwa, kila kilichokuwemo kinabebwa pia. Unahifadhi modeli ndogo, unashangaa faili ni kubwa ajabu, kumbe imebeba jedwali zima la data lililokuwa chumbani. Makengeza: kuna `parent.env` na kuna `parent.frame`. Majina yanafanana kama mapacha, lakini la kwanza ni chumba ulimoandikwa na la pili ni chumba cha aliyekuita. Mwandishi wa barua na msomaji wa barua, wote wamepewa jina la "mzazi". Wanaoanza wanachanganyikiwa hapo, na siwalaumu. Aidha R inakuruhusu kubadilisha mzazi wa mazingira, huku ukurasa wake wa msaada ukikuonya kwamba kufanya hivyo ni hatari sana. Kutoa kisu kisha kubandika onyo juu yake si usanifu mzuri.

JavaScript imechagua njia nyingine: lugha yenyewe haikupi kitu cha kushika vyumba hivyo kabisa, imeiachia dibaga. Itifaki ambayo dibaga ya Chrome inaitumia ina orodha iitwayo `scopeChain`: kila ngazi ya wito inakuja na mnyororo wa vyumba, na kila chumba kina aina yake, cha fanksheni, cha bloku, cha moduli, cha dunia nzima na kadhalika. Kwa sharti la pili la Bracha na Ungar, kioo kuwa pembeni, hii ni nzuri sana.

Na C je? Lugha ya kizee ambayo haina uakisi wa kuzungumzia! Lakini kompaila zake zinaandika taarifa za dibaga kwa muundo wa DWARF, na humo vyumba vimepangwa kama mti, kila bloku na nafasi yake. Dibaga ya gdb ikitafuta jina ambalo kompaila imelifuta ili kuongeza kasi, haikupi thamani ya jina jingine. Inakuandikia `<optimized out>`, maana yake: jina nalijua, lipo hapa, ila thamani yake haikutunzwa.

Soma jibu hilo tena. Ni maneno mawili tu, na ndiyo yanayokosekana katika Python.

Upande wa pili una hoja

Hoja ya kwanza ni ya kumbukumbu: tukionyesha vyumba vyote itabidi tuvitunze vyote, na Python itanenepa kama R. Hoja nzuri, lakini inachanganya vitu viwili. Kutunza kuta si kutunza mali iliyo ndani. Kompaila inapofasiri `madebe` tayari inajua kwamba yuko ndani ya `soko`, na kwamba `soko` ana `ushuru`. Ingetosha kuhifadhi orodha ya majina, bila thamani. Orodha hiyo inachukua nafasi, sikatai, lakini ni nafasi ya majina na wala si ya jedwali zima la data.

Hoja ya pili ni ya siri: watu hutumia fanksheni ndani ya fanksheni ili kuficha vitu, na kioo kinachoonyesha kila chumba kinavunja milango. Kwa Python hoja hii ni dhaifu, maana `__closure__` tayari inafungua vilivyobebwa. Kwa lugha nyingine ina uzito, na jibu lake ni lile sharti la pili: kioo kiwe kitu cha pembeni, apewe dibaga, anyimwe mpita njia.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: Python ina vyumba vyenye tabia za pekee. Mwili wa klasi, kwa mfano, ni chumba chenye majina, lakini metodi zilizo ndani yake zinakiruka zikitafuta majina. Na tangu toleo la 3.12 zile orodha fupi zinazojengwa kwa mstari mmoja mara nyingi hazina tena fremu yao, zimeingizwa ndani ya fanksheni inayozizunguka ili ziende kasi. Kuonyesha mti wa kweli wa haya yote ni kazi. Ndiyo, ni kazi. Lakini ugumu wa nyumba ndiyo sababu ya mtu kuhitaji kioo. Nyumba ya chumba kimoja haihitaji ramani.

Hukumu

Ninachokitaka kwa Python si mapinduzi. Ni kiolesura kimoja kinachounganisha droo tatu: unakipa fremu au fanksheni, kinakupa chumba, chumba kinakupa majina yake na chumba kinachokizunguka, na kila jina linajibu moja kati ya majibu matatu. "Ninalo, thamani ni hii." "Nalijua, ni la chumba fulani, ila thamani haikutunzwa." "Silijui." Leo Python ina jibu la kwanza na la tatu tu, na lile la kati inalibadilisha kuwa la tatu au, vibaya zaidi, kuwa la kwanza lenye thamani ya mtu mwingine. Wenye PEP 667 walisafisha kioo vizuri. Bado kinahitaji kupanuliwa.

Kwa sasa wewe ufanye nini? Mambo matatu. Ukiwa ndani ya dibaga na jina linatoka chumba cha nje, usiliamini jibu mpaka uone jina hilo limetajwa ndani ya fanksheni uliyomo. Usitumie jina moja kwa vitu viwili katika ngazi mbili. Mfano wetu usingemdanganya mtu kama ile ya nje ingeitwa `ushuru_wa_zamani`. Na unapotumia `eval` ndani ya fanksheni iliyo ndani ya nyingine, mpe mwenyewe kamusi ya majina unayotaka ayaone, usimwachie abahatishe, kwa sababu naye anaruka ukuta uleule.

Halafu ukimaliza na msimbo, geukia data zako. Safu ya "mkoa" katika jedwali lako, ni mkoa wa mwaka gani? Rukwa ya kabla ya Katavi au ya baada yake? Mbeya ya kabla ya Songwe kumegwa mwaka 2016 au ya sasa? Kama jedwali halisemi, ongeza safu moja. Wasomaji wako hawatakuwepo ulipoliandika, nawe hutakuwepo watakapolisoma.